Plaki ya Fundi Asani

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha giza, kile cha kusafishia picha za eksirei hapa hospitalini, na ninyi mnaobaki mle ndani mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani mlitaka mambo ya mapafu na mifupa. Hayo mnayajua tayari, na msipoyajua madaktari watawapigia kelele mpaka myajue. Mimi nitaandika juu ya kazi yangu ya kwanza, wakati wa Wabelgiji. Yote niliyowafundisha kuhusu maji, dawa na giza nilifundishwa huko, na mtu aliyenifundisha hamjawahi kusikia jina lake kinywani mwangu. Aliitwa Asani.

Nilikuwa kijana wa Lusangi, nimemaliza masomo ya misheni, najua kusoma na kuandika Kifaransa cha kutosha kunakili namba bila kukosea. Miaka michache baada ya vita kubwa ya Wazungu, walijenga kituo cha nyota juu ya kilima kimoja upande wa Kabambare. Walipachagua kwa sababu mbingu za huko zinaonekana pande zote mbili, za kaskazini na za kusini. Palikuwa na nyumba ya duara yenye paa la bati linalozunguka, ndani yake darubini kubwa, na chini kidogo nyumba ya matofali isiyo na dirisha hata moja. Watu wa vijiji vya karibu walisema ni gereza. Mimi nilipofika nilidhani hivyo hivyo.

Mkuu wa kituo tulimwita Bwana Shingo, kwa sababu hata mchana alitembea kama mtu anayetafuta kitu juu ya miti. Hakupiga mtu. Nasema hivyo kwa kuwa wakati ule lilikuwa jambo la kutajwa. Alisema Kiswahili cha kuamrisha, maneno machache yanayotosha kwa maji, mafuta, haraka na mjinga; mengine aliyasema kwa Kifaransa, nami nayatafsiri hapa.

Fundi Asani ndiye aliyekuwa mwenye nyumba isiyo na dirisha. Alikuwa Mwislamu wa Kasongo mjini, mtu mrefu, mwenye vidole vilivyopakaa rangi ya kahawia kwa sababu ya dawa. Alijifunza picha kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka, akipiga sura za makarani na mabibi harusi. Bwana Shingo alimchukua huko. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akauliza, “Unaogopa giza?”

“Hapana, Fundi.”

“Ni mubaya. Uogope kidogo. Mutu asiyeogopa giza anafungua mulango.”

Na kweli nilifungua. Siku ya tatu tu, nikiwa nimebeba maji, nilisukuma mlango kwa goti. Juu ya meza palikuwa na sanduku zima la plaki, limefunuliwa. Plaki ni vile vioo vyembamba vilivyopakwa dawa upande mmoja, ndivyo vilivyokuwa vikishika picha kabla ya filamu mnazozijua ninyi. Sanduku lile lilitoka Ulaya kwa meli, kwa treni, kisha kwa lori katika matope, na mimi nililiua kwa goti. Bwana Shingo alikuja akiwa mwekundu. Kabla sijafungua mdomo, Fundi Asani alisema, “Ni miye, Bwana. Nilisahau komeo.” Alitukanwa mbele ya wafanyakazi wote. Baadaye hakuniambia neno. Alinipa vile vioo nivikwangue na kuvisafisha, navyo vikawekwa katika madirisha ya jiko la Bwana Shingo. Yule bwana alikula chakula chake miaka mingi katika mwanga uliopita kwenye kosa langu.

Tangu siku ile nilijifunza kwa bidii. Maji ndiyo yalikuwa vita yetu. Dawa zile zilitengenezwa kwa nchi ya baridi. Maji yakiwa ya moto kama ya kwetu, ile dawa ya juu ya kioo inalainika na kuteleza kama mafuta ya nyama, na nyota zote zinateleza nayo. Kwa hiyo tulichota maji mtoni kabla ya jua kutoka, tukayaweka katika mitungi iliyozikwa mpaka shingoni katika mchanga, na mchanga tukaulowesha. Mende walipenda plaki kuliko sisi, kwa sababu dawa yake ina kitu kama mchuzi wa mifupa. Asubuhi moja tulikuta mende amekula kundi zima la nyota, ameacha kioo kitupu.

Katika giza hujui upande upi wa kioo una dawa. Fundi Asani alinifundisha kugusa pembe kwa mdomo: upande unaonata ndio. Saa ya ukutani aliikataa, kwa sababu namba zake zilikuwa zinang’aa, na mwanga huo mdogo unatosha kuharibu picha. Alipima muda kwa kisomo cha Kurani. Kuosha plaki kulikuwa Yasini mbili, zisizokimbizwa. Mimi niliyebatizwa na mapadri najua Yasini kwa kichwa mpaka leo. Padri mmoja aliwahi kunisikia nikiinong’ona. Nilimwambia ni dawa, naye hakuniuliza tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Shingo alipiga picha za mahali fulani pa mbingu, tena na tena, kwa miaka, halafu tukazilinganisha kuona kama kuna kilichobadilika. Alipopapenda kuliko pote palikuwa karibu na zile nyota tatu zilizopangana mstari. Hapo pana wingu jepesi na giza jingi. Lakini nyota zile ziko juu usiku wakati wa mvua, na mvua ya Maniema haina huruma na elimu ya mtu. Tulizipata kwa kuvizia: alfajiri chache za mwisho wa kiangazi, na mara moja moja kati ya mvua mbili.

Kiangazi kimoja kilipokwisha tulipata picha nzuri ya alfajiri. Fundi Asani aliisafisha mwenyewe, nami nilisimama karibu naye nikishika taa nyekundu, mwanga pekee usiodhuru plaki. Ilipokauka aliiweka juu ya kioo chenye taa chini yake, akaweka kando yake plaki ya zamani ya mahali pale pale, akainama na lenzi. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri amelala.

“Kalonda, angaria hapa. Hapa kwenye giza, pembeni ya wingu.”

Niliangalia. Katika plaki ya zamani palikuwa na kidonge kimoja kidogo cha mwanga, chenye ukungu. Katika mpya vilikuwa viwili.

“Ni uchafu, Fundi?”

“Uchafu iko na mupaka,” alisema. “Tone ya dawa iko na mupaka, vumbi iko na mupaka. Hii inaisha polepole, kama pumzi kwenye kioo. Hii imetoka juu.” Halafu akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. “Kuko kitu huko kinazaliwa, na ni sisi wawili tu tunajua.”

Akaenda kumwita Bwana Shingo. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama asingemwita.

Bwana Shingo aliangalia kidogo tu. Plaki ile ilikuwa iende Ulaya, kwa mwalimu wake wa zamani, na alikuwa ameisubiri tangu mvua za mwaka uliopita. Alinyoosha mgongo, akauliza, “Asani, hii ni nini?”

“Ni kitu ya mbinguni, Bwana. Mbele kilikuwa kimoja, sasa ni viwili.”

“Kitu cha mbinguni hakizaliwi kwa miaka miwili. Hii ni dawa. Hukuosha.”

“Niliosha, Bwana. Muda wote.”

“Hukuosha!”

“Bwana, uchafu iko na mupaka. Uangarie pembeni yake na lenzi, utaona…”

“Wewe utanifundisha mimi mambo ya mbingu?”

Hapo Bwana Shingo akanigeukia mimi. “Kalonda. Ulikuwa ndani. Aliosha muda wote?”

Nilikuwa nimesikia Yasini mbili, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile ya pole. Ningeweza kuapa. Lakini niliangalia uso wa Bwana Shingo, nikafikiria mambo ambayo ninyi hamkuyaona. Mtu aliyefukuzwa na Mzungu alirudi kijijini kwenye shamba la pamba ya lazima na kwenye kazi ya kutengeneza njia ya Serikali, jembe mkononi, karani wa sekta akimhesabu asubuhi na jioni. Kaka yangu alikuwa huko. Nilikuwa nimeiona mikono yake. Nikajibu, “Bwana, sikuwa na saa.”

Lilikuwa jibu la kweli. Hakuna aliyekuwa na saa mle ndani. Kwa jibu hilo la kweli Fundi Asani alifukuzwa kabla ya saa sita, na ndani ya daftari la kituo, mbele ya namba ya plaki ile, likaandikwa kwa Kifaransa kwamba imeharibika kwa kosa la mwoshaji. Alikunja mkeka wake, akachukua birika lake la udhu, akanipita mlangoni. Sikumwangalia usoni. Alisema tu, “Ubadilishe mchanga wa mitungi, umeanza kunuka.”

Nikabaki peke yangu katika nyumba isiyo na dirisha. Nilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mikono yangu ilikuwa imejaa mambo yake.

Mvua zilipoanza kupungua, tulipata usiku mmoja wazi. Bwana Shingo alipiga tena mahali pale pale, nami nikaisafisha ile plaki, nikaosha Yasini mbili, nikaongeza ya tatu kwa woga. Ilipokauka niliinama na lenzi. Vidonge vilikuwa viwili, mahali pale pale kabisa, na cha pili kilikuwa kimeongezeka mwanga.

Nilimpelekea Bwana Shingo plaki zote tatu. Safari hii aliangalia kwa muda mrefu. Aliomba kahawa, akaisahau. Alijifungia siku tatu akiandika, na siku ya nne barua nene ikaondoka na lori. Alikuwa na furaha, alinipa hata sigara. Nikajipa moyo, nikasema, “Bwana, basi Fundi Asani hakukosea. Kitu kilikuwa pale.”

Aliweka kalamu chini. “Plaki ya Asani ilikuwa chafu,” alisema. “Hii ni safi. Kitu nimekiona katika hii.”

“Lakini Bwana, ni mahali pale pale.”

“Kalonda, unapenda kazi yako?”

Nilisema ninaipenda. Ndivyo ulivyokwisha mkutano wetu wa elimu.

Kipindi cha likizo nilitembea kwenda Salamabila. Watu waliniambia Fundi Asani alikuwa amepata kazi huko kwenye dhahabu, kwa kampuni ya Wazungu. Nilimkuta ndani ya mfereji, maji magotini, anaosha mchanga kwenye karai pamoja na wanaume wengine ishirini. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vimetakata, rangi yote ya kahawia imekwenda na maji, na nilipoviona hivyo nilishindwa kusalimia. Ni yeye aliyeanza.

“Kalonda. Umetoka kule na miguu?”

“Ndiyo, Fundi. Siku tatu.”

Alinipeleka kwenye kibanda alimokuwa akikaa na binti yake, msichana aliyekaribia kuolewa, akamwomba atupikie muhogo na sombe, majani yake. Nilingoja mpaka yule binti atoke, ndipo nikasema, “Fundi, kitu kimeonekana tena. Mahali pale pale. Bwana Shingo amekiandikia Ulaya.”

“Mahali pale pale,” alisema. “Sasa ulifikiri kitahama?”

“Nilifikiri utafurahi.”

“Umetembea siku tatu kuniambia jambo ninalolijua tangu siku ya kwanza?”

“Nimekuja kuomba musamaha.”

Alitazama mlango. Kisha akauliza, si kwa hasira, “‘Sikuwa na saa.’ Ulilitoa wapi neno lile, Kalonda? Ungesema sikuosha, ningekuelewa. Mutu anaogopa, anasema uongo, inaisha. Lakini weye ulitafuta. Ulisimama pale, ukatafuta neno ambalo litanikata miye na kukuacha weye safi.”

Binti yake alileta chakula, tukala. Tulipokuwa tunanawa mikono Fundi alikohoa sana, akageuka upande. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya, “Kile cha pili. Kimeongezeka?”

“Kimeongezeka mwanga, Fundi. Na sasa iko kama na mukia mufupi, unaelekea upande wa giza.”

“Mukia,” alisema. Kwa kitambo kidogo uso wake ulirudi ule wa mezani, juu ya lenzi. “Basi kuna kitu kinakisukuma.” Kisha akasimama. “Usirudi tena hapa. Sina ugomvi na weye. Lakini nikikuona naanza kukumbuka kazi, na kesho niko na mchanga wa kuosha.”

Sikurudi. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja aliyepita kituoni aliniambia kwamba kifua kilimshinda Fundi Asani, na walikuwa wamekwisha kumzika.

Nilibaki kwenye kilima mpaka Wabelgiji walipoondoka. Bwana Shingo alifunga plaki zote katika masanduku yenye majani makavu, mimi nikipigilia misumari, akaondoka nazo bila kuaga jikoni. Paa la bati likagawanyika katika vijiji. Mabati mawili yako kwangu. Hapa hospitali walinichukua kwa kuwa nilijua giza, na yaliyofuata mnayajua.

Sasa la mwisho. Daktari wetu kijana, mzaliwa wa hapa hapa Kasongo aliyesomea Ulaya, alikuwa na gazeti la elimu la Kifaransa mezani. Nilipita kumpelekea filamu, nikaona picha, nikaweka filamu chini. Palikuwa pale. Nilipajua kama mtu anavyojua ua wa nyumbani kwao. Wingu, giza, na vidonge viwili, ila picha ilikuwa kubwa na safi kuliko zetu zote.

“Daktari, hii ni nini?”

Alinisomea, akinieleza kwa Kiswahili. Nyota inapozaliwa imefunikwa na vumbi, haionekani. Inavuta gesi kutoka pande zote ili ikue, lakini haiwezi kumeza yote. Inayobaki inaitupa nje kwa nguvu za ajabu, kama mirija miwili, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mahali mrija unapogonga gesi iliyotulia, ndipo panapowaka. Vidonge vile ni alama za kugonga. “Ni kama mutoto anayenyonya na kutapika papo hapo,” alisema, akacheka.

Mimi nilikaa chini. Nikamuuliza kama jina la Bwana Shingo lilikuwamo. Alitafuta mpaka ukurasa wa mwisho. Halikuwamo. Watu wengine, wa nchi nyingine, ndio waliotajwa. Barua yake nene, kama alivyojisifu wakati ule, ilisema ni nyota ya zamani inayomulika wingu, na hakuna aliyeikumbuka. Tuligombania kitu, mkubwa akamfukuza mtu, mimi nikauza ulimi wangu, na wote watatu hakuna aliyekijua. Aliyekikaribia ni yule aliyesema kinasukumwa, na aliyasema hayo baada ya kula muhogo na kunawa.

Nilimsimulia daktari yote. Yeye ndiye aliyetafuta zilikopelekwa plaki, akaandika barua huko kwa niaba yangu. Niliomba mambo mawili. Kwanza, waitazame plaki ya Asani na kuniambia rangi yake. Ninyi mnajua: picha isiyooshwa vizuri inaweza kudanganya mwaka mmoja au miwili, lakini baada ya miaka mingi inakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, haina pa kujificha. Pili, kama si ya manjano, wafute lile neno katika daftari.

Jibu lilifika baada ya miezi saba. Ni barua ya heshima sana. Plaki iko, wamesema, na hali yake ni nzuri kuliko nyingi za wakati ule. Ni angavu, haina manjano popote. Kuhusu daftari, wanasikitika: ni hati ya kale, hairuhusiwi kuandikwa juu yake. Hata hivyo, kwa wema, wametuma nakala ya ukurasa.

Daktari aliifungua juu ya meza yake. Namba ya plaki, mahali pa mbingu, na mbele yake lile neno: imeharibika, kosa la mwoshaji Asani. Bwana Shingo alikuwa na mkono mbaya kama wa kuku. Mambo ya daftari siku zote alisema tu, mwingine akaandika.

“Mwandiko muzuri,” daktari alisema, akiuinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. “Mwandiko wa mapadri huu. Nani aliyeandika, Baba?”

“Ni miye,” nilimwambia.